Tumbo la hedhi au tumbo la chakula?

Kwenye dirisha la duka la dawa swali huwa ni moja. Binti anasema, "Dada, naomba dawa ya tumbo." Muuzaji anamuuliza, "Tumbo lipi mdogo wangu, la kuharisha au la siku zako?" Akisema la siku zake, anapewa diklofenaki au Buscopan. Akisema la kuharisha, anaondoka na Flagyl. Wapo wengi ambao jibu lao la kweli ni yote mawili kwa mpigo, na jibu hilo halina rafu yake.

Hospitalini mambo si mepesi zaidi. Mwanamke yuleyule anaweza kuambiwa mwezi huu ana UTI, mwezi ujao amiba, mwezi wa tatu vidonda vya tumbo. Nyumbani shangazi atasema ni chango. Kwenye simu atasoma kuwa ni endometriosisi, jina lililosikika sana Afrika Mashariki Juni 2024, alipofariki mtangazaji wa Kenya Njambi Koikai, ambaye kwa miaka alikuwa akieleza hadharani namna ugonjwa huo ulivyomtesa hadi kwenye mapafu. Maoni yamegawanyika. Kuna wanaoliona kila tumbo la mwezini kuwa ugonjwa uliofichika, na kuna wanaosema wanawake wameumwa hivyo tangu enzi na enzi, wavumilie tu. Kabla ya kuamua nani ana haki, inafaa kujua tumbo lenyewe hupitia nini ndani ya mwezi mmoja.

Majirani wawili ndani ya nyonga

Mji wa mimba na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana ni majirani wa kugusana. Vyote viwili vimejengwa kwa misuli ambayo mtu hawezi kuiamrisha, na misuli hiyo husikiliza kemikali zinazofanana.

Yai likishatoka, homoni ya progesteroni hupanda kwa takriban wiki mbili. Kazi yake ni kuuandaa mji wa mimba na kuutuliza usijikunje ukatoa mimba changa. Lakini haichagui mahali: hulegeza misuli laini kwingine pia. Ni sababu mojawapo ya wajawazito wengi kupata choo kigumu, na ndiyo inayotajwa kwa kufunga choo na tumbo kujaa siku chache kabla ya damu. Kwa wasio wajawazito hoja hii haina nguvu sana. Kuna tafiti zilizoona mwendo wa utumbo ukipungua katika wiki hizo, na nyingine hazikuona tofauti.

Mimba isipotunga, progesteroni huporomoka. Ukuta wa ndani wa mji wa mimba unapobomoka hutoa prostaglandini, kemikali zinazoufanya mji huo ujikunje na kusukuma damu nje. Zikizidi, maumivu nayo huzidi, na athari yake hufika mpaka utumboni, ambao nao huanza kujikunja. Choo hulainika, wengine huharisha siku ya kwanza na ya pili, wengine hutapika. Mwaka 1971 mwanasayansi wa Uingereza, John Vane, alionyesha kwamba aspirini hutuliza maumivu kwa kuzuia prostaglandini zisitengenezwe. Mwaka 1982 alipata tuzo ya Nobel pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Sweden. Ibuprofeni, diklofenaki na asidi ya mefenamiki hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Ndiyo maana anayezimeza mara tu anapohisi dalili za kwanza hupata nafuu kuliko anayesubiri mpaka amejikunja kitandani. Dawa huzuia kemikali isitengenezwe. Iliyokwisha kutengenezwa haina uwezo nayo.

"Ni kawaida, vumilia"

Hili ndilo jibu la zamani kuliko yote, na lina ushahidi wake. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya kuwahoji wanawake 156 wenye afya. Asilimia 73 walikuwa na angalau dalili moja ya tumbo la chakula kabla ya hedhi au wakati wake, na zaidi ya robo waliharisha siku za damu. Takwimu hiyo isomwe kwa uangalifu, kwa kuwa maumivu ya tumbo yalihesabiwa humo, na si rahisi mtu kujua kama maumivu yake yametoka utumboni au kwenye mji wa mimba. Hata hivyo ujumbe wake uko wazi. Binti anayekwenda chooni mara tatu siku ya kwanza ya hedhi, kisha akawa mzima kabisa siku ya nne, hana haja ya kupimwa amiba kila mwezi.

Udhaifu unakuja pale jambo linalowapata wengi linapochukuliwa kuwa halina madhara. Msichana anayekosa shule siku mbili kila mwezi, anayetapika au kuzimia, hatakiwi kuvumilia hata kama vipimo vyake vyote ni safi. Maumivu ya hedhi yasiyo na ugonjwa nyuma yake ni maumivu yale yale, na dawa zake zipo. Kumtuma nyumbani kwa neno la faraja ni kumnyima tiba.

"Ni utumbo mkorofi"

Maelezo ya pili yanasema mwenye tatizo ni utumbo, na hedhi inauchokoza tu. Hapa tunazungumzia hali ambayo madaktari huiita kwa kifupi IBS: utumbo usio na kidonda wala uvimbe, lakini wenye maumivu, gesi, na choo kinachobadilika kati ya kigumu na cha kuharisha. Kwa vigezo vinavyotumika tangu mwaka 2016, mtu awe ameumwa tumbo kwa wastani angalau siku moja kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, maumivu yahusiane na kwenda choo au na mabadiliko ya choo, na dalili ziwe zilianza angalau miezi 6 nyuma.

Nguvu ya maelezo haya ni kwamba yanatatua fumbo ambalo jibu la kwanza haliwezi: kwa nini kila mwenye hedhi ana prostaglandini, lakini utumbo huwatesa baadhi tu. Mwaka 2002 watafiti wa Manchester walipima jinsi sehemu ya mwisho ya utumbo inavyohisi mgandamizo katika siku tofauti za mzunguko. Kwa wanawake wenye afya hakukuwa na mabadiliko. Kwa wenye IBS, hisia ziliongezeka wakati wa hedhi. Sababu inayokubalika zaidi iko kwenye mishipa ya fahamu: taarifa za maumivu kutoka mji wa mimba na zile za utumbo huingia kwenye uti wa mgongo kwa njia zinazopishana, na kiungo kimoja kikipiga kelele muda mrefu, mfumo mzima huanza kusikia hata mnong'ono wa kiungo cha pili. Utumbo pia ndio unaotengeneza sehemu kubwa sana ya serotonini ya mwili, kemikali inayoongoza mwendo wa chakula, na kuna dalili kwamba homoni za uzazi huigusa.

Lakini vigezo vyenyewe vina tundu ambalo halizungumzwi vya kutosha. Neno "wastani" linaruhusu mwanamke anayeumwa siku nne tu za hedhi kila mwezi, na siku nyingine zote hana neno, kuhesabika kama anayeumwa siku moja kwa wiki. Atapita mlango wa IBS bila mtu kumuuliza huingia mwezini lini. Tena IBS haina kipimo cha damu wala picha inayoithibitisha, kwa hiyo jina hilo hugeuka kirahisi kuwa pipa la kila tumbo lisiloeleweka. Na baya zaidi, katika kliniki zetu nyingi hutafsiriwa kuwa "una mawazo mengi, dada". Msongo wa mawazo huchochea utumbo, ni kweli. Kuutaja bila kumpa mgonjwa chochote cha kufanya hakumsaidii.

"Ni endometriosisi"

Maelezo ya tatu ndiyo yanayozua hofu zaidi. Tishu zinazofanana na ukuta wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake: kwenye ovari, nyuma ya mji wa mimba, na kwa baadhi ya wagonjwa kwenye utumbo mpana, hasa sehemu yake ya mwisho. Tishu hizo nazo huathiriwa na homoni za mwezi, huleta uvimbe na makovu, na huweza kugandisha viungo pamoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, karibu milioni 190, wanaishi nayo.

Uhusiano wake na tumbo la chakula si wa kubahatisha. Utafiti wa kumbukumbu za wagonjwa nchini Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta waliogunduliwa na endometriosisi walikuwa na uwezekano mara 3.5 zaidi ya wengine kuwa wamepewa jina la IBS. Wengi waliliona hili kuwa ushahidi wa madaktari kukosea. Ila utafiti huohuo ulikuta kwamba hata baada ya endometriosisi kujulikana, wanawake hao waliendelea kupewa jina la IBS kuliko wengine. Hapo kosa la daktari peke yake halitoshi kueleza. Kwa wengi magonjwa haya mawili yanaishi pamoja, na moja linaunoa ukali wa lingine.

Kuchelewa kugundua ndiko kunakouma zaidi. Makadirio ni kati ya miaka 4 na 12 tangu dalili zianze. Ultrasaundi ya kawaida ikirudi safi haiondoi uwezekano. Hata kamera ya utumbo mpana inaweza isione kitu, kwa sababu tishu hizo mara nyingi hushika ukuta wa utumbo kwa nje na hazitoboi mpaka ndani. Kwa wanawake weusi palikuwa na kikwazo cha ziada. Kwa miongo mingi vitabu vya tiba viliuchukulia huu kuwa ugonjwa wa wanawake wa Kizungu wenye kipato, waliochelewa kuzaa, na mweusi mwenye maumivu ya nyonga aliambiwa ana maambukizi ya via vya uzazi, PID. Mwaka 1976 Donald Chatman, daktari wa Chicago, aliripoti kwamba zaidi ya mmoja kati ya watano wa wagonjwa wake weusi waliopewa jina hilo walikuwa na endometriosisi. Anayejua jinsi PID inavyoandikwa kwa wepesi kwenye vyeti vya wagonjwa hapa kwetu ataona kwamba habari ya Chicago haijawa ya kale.

Hata hivyo wanaoona endometriosisi kila mahali nao wanavuka mpaka. Asilimia 10 maana yake wengi zaidi hawana. Ukubwa wa tishu haulingani na ukubwa wa maumivu: yupo aliyejaa makovu asiyehisi kitu, na yupo mwenye madoa machache asiyelala. Na upasuaji, hata ukifanywa vizuri, hautulizi kila utumbo, kwa sababu mishipa iliyozoea kupiga kelele haizimiki kwa kukatwa tishu.

"Ni chango"

Wasomi hupita haraka hapa, na si haki. Mkunga wa jadi anayesema mwanamke ana chango ameweka hedhi, choo, gesi na mgongo kwenye kapu moja, jambo ambalo hospitali zenye kliniki ya uzazi jengo hili na ya tumbo jengo lile hushindwa. Anamsikiliza mgonjwa muda mrefu. Baadhi ya tiba zake zina msingi: majaribio madogo kadhaa yameonyesha kuwa tangawizi hupunguza maumivu ya hedhi, na chupa ya maji ya moto chini ya kitovu imethibitika kusaidia.

Kapu hilo lakini halina mwisho. Likipokea ugumba, uchafu ukeni, homa na uvimbe bila kutofautisha, linaacha kueleza chochote. Biashara ya "kusafisha kizazi" imeliteka siku hizi, na dawa nyingi za kusafisha, sanamaki ikiwemo, kazi yake halisi ni kuharisha. Mwanamke anaona uchafu umetoka, kumbe ni utumbo umechokozwa.

Dawa nazo zina mkono wake

Kuna chanzo ambacho mabishano haya yote hukiruka. Anayemeza diklofenaki siku tatu kila mwezi, bila chakula, mwaka hadi mwaka, anaweza kujichimbia vidonda vya tumbo kwa dawa ya hedhi. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwetu, ambako kijidudu cha H. pylori, chanzo kikuu cha vidonda, kimeenea sana. Viwili hivyo vikikutana tumboni vinasaidiana. Baada ya muda kiungulia kinakuja, na kinakuja pamoja na hedhi. Mgonjwa anaapa kuwa hedhi ndiyo inayomletea vidonda.

Anayetokwa na damu nyingi ya hedhi hupungukiwa damu, akaandikiwa vidonge vya madini ya chuma. Vidonge hivyo hufunga choo na kukifanya cheusi. Akifunga choo wiki nzima, tumbo linajaa, na hedhi inayofuata inakuta utumbo umeshavimba kwa gesi. Flagyl inayomezwa kwa amiba ambayo haikuwahi kuonekana kwenye darubini huleta kichefuchefu, na hiyo nayo huandikwa kama dalili mpya. Mwanamke mmoja anaweza kubeba matatu haya kwa pamoja, na hakuna anayeyaona kwa sababu kila kidonge kiliandikwa na mtu tofauti.

Swali la kwanza kwa mwenye tumbo la aina hii, kabla ya kipimo chochote, lingekuwa: unameza nini, tangu lini, na kabla au baada ya kula?

Kalenda kama shahidi

Watu huamini kwamba tumbo likichafuka na hedhi basi chanzo ni uzazi. Ushahidi unalipinga hilo: IBS huzidi na hedhi, endometriosisi huzidi na hedhi, na wenye uvimbe wa kudumu wa utumbo kama ugonjwa wa Crohn nao husema hali huwa mbaya siku hizo. Kuzidi peke yake hakutenganishi kitu.

Kinachotenganisha ni undani wa mpangilio. Je, nje ya hedhi tumbo ni zima kabisa, au lina shida yake ya kila wiki inayopanda tu? Je, kujisaidia haja kubwa kunauma kama kisu siku za damu, na siku nyingine hapana? Kuna maumivu ya ndani wakati wa tendo la ndoa? Miaka imepita bila mimba? Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2017 unawaelekeza madaktari kushuku endometriosisi kwa dalili za tumbo zinazofuata mwezi, na hasa haja kubwa yenye maumivu, hata kama uchunguzi na ultrasaundi ni safi. Kinyume chake, maumivu yanayotulia baada ya choo, yanayobadilika na chakula, na yanayokuja hata katikati ya mwezi, yanaelekeza kwenye utumbo.

Kumbukumbu ya kichwani haitoshi kwa maswali hayo, maana mtu hukumbuka siku mbaya na kusahau zilizobaki. Mizunguko miwili au mitatu kwenye daftari la kawaida (siku ya hedhi, aina ya choo, kiwango cha maumivu, dawa iliyomezwa) hutoa habari ambayo vipimo vingi vya bei ghali havina. Sindano ya uzazi wa mpango huivuruga kalenda hii, kwa kuwa wengi wanaoichoma huacha kuona damu. Nao wahesabu kwa tarehe.

Zipo dalili zisizosubiri daftari: damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, homa, maumivu yanayoamsha usingizini, na kwa aliyekosa hedhi, maumivu makali ya upande mmoja, ambayo yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba. Hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo. Na mwanamke aliyefikisha miaka 50 akaanza tumbo kujaa kwa mara ya kwanza asipewe jina la IBS mpaka saratani ya ovari iangaliwe.

Kutibu kwanza au kutafuta kwanza

Hapa ndipo maelewano huvunjika. Kutafuta endometriosisi kwanza maana yake ni upasuaji wa matundu: usingizi wa nusu kaputi, gharama, safari ya mjini, na hatari ndogo lakini ya kweli ya kujeruhi utumbo. Kutibu kwanza ni rahisi, ila huweza kugeuka miaka ya kubadilishiwa vidonge. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 uliondoa sharti la kufanyiwa upasuaji ili ugonjwa utambuliwe; sasa upasuaji huo unakubalika pale picha zisipoonyesha kitu au tiba ya majaribio ikishindwa. Kwa nchi zenye wapasuaji wachache wa fani hii, huo ni mwelekeo wa busara, mradi majaribio yawe na tarehe ya kwisha.

Miezi mitatu inatosha. Dawa ya maumivu imezwe mapema na baada ya chakula, au homoni za kuzuia mzunguko zitumike, na upande wa utumbo lishe irekebishwe. Kwenye lishe kuna jambo la kutia moyo. Utafiti wa mwaka 2017 kuhusu wanawake 160 wenye IBS ulikuta kwamba mlo wenye wanga kidogo unaochacha tumboni uliwapa nafuu kubwa asilimia 72 ya waliokuwa pia na endometriosisi, dhidi ya asilimia 49 ya wasiokuwa nayo. Mlo huo kwa meza yetu una uzuri na ugumu. Ugali wa mahindi, wali, samaki na mayai vinaruhusiwa. Maharage, chapati ya ngano, maziwa, embe na kitunguu vinapunguzwa, na mpishi wa Kiswahili akinyang'anywa kitunguu kimebaki nini? Ni mlo wa wiki chache za kujaribu, kisha kimoja kimoja hurudishwa. Angalizo moja: nafuu hii haithibitishi kwamba mgonjwa hana endometriosisi. Kama takwimu hizo zinavyoonyesha, walionayo ndio walionufaika zaidi.

Hali ni ngumu zaidi kwa makundi mawili. Kwa msichana wa shule, kikwazo mara nyingi ni mama anayesikia "vidonge vya majira" na kuwaza ruhusa ya kufanya ngono, wakati anachoandikiwa mwanawe ni tiba ya maumivu. Daktari asiyetenga dakika kumi za kuzungumza na mama huyo ameandika cheti kitakachotupwa njiani. Kundi la pili ni la anayetafuta mtoto. Homoni zinazotuliza maumivu ndizo zinazozuia mimba, na sindano inaweza kuchelewesha uzazi kurudi kwa miezi kadhaa hata baada ya kuachwa. Kwake jaribio la homoni la miezi mitatu halina maana, na upasuaji wa matundu, ambao kwa wengine ni hatua ya mwisho, unastahili kusogezwa mbele. Ikishukiwa kwamba utumbo umeshikwa, mpasuaji wa utumbo awepo chumbani pamoja na daktari wa akina mama tangu siku ya kwanza.